Diski Yenye Jogoo

Mimi nilitaka friji. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asije akadhani nilishangilia siku mume wangu Tumsifu alipoteremka kwenye pikapu na kompyuta yake ya mtumba, ameifunga blanketi kama mgonjwa. Tulikuwa tumekubaliana friji. Tulikuwa tumeshapima hadi kona ya kuliweka, pale nyumbani kwetu Chadulu, Dodoma, karibu na soketi. Yeye akaenda Dar es Salaam kikazi siku tatu, mwaka huo wa 2004 ambapo vitu vya nje vilikuwa vinamiminika kila duka, akarudi na likioo lenye kisogo kirefu ambalo hata mlangoni lilipita kwa ubavu.

Nilimuuliza hiyo itagandisha nini. Akanijibu kwa ile sauti yake ya upole, ambayo mtu ukiwa na hasira inakuzidishia, kwamba ina kidroo cha kuchomea CD. Unaweka diski tupu, unaweka nyimbo, unachoma, unapata CD yako mwenyewe. Nikamwambia vizuri sana, basi na nyama tutahifadhi humo humo kwenye kidroo. Sikuongea naye siku mbili, na nadhani hakugundua.

Tumsifu ni mtu wa Machame. Alikuja Dodoma mwaka 1993 kwa barua ya uhamisho, karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali. Wenzake walikuwa wakipata barua kama ile wanatafuta daktari awaandikie ugonjwa, maana waliambiwa huku ni vumbi, upepo na maji ya chumvi. Yeye alifungasha sanduku moja akaja. Ni mtu wa kufunga vifungo vya mikono hata kwenye joto, mtu wa kupanga viatu kwa tarehe aliyovinunua. Jalada likipotea pale ofisini wanamfuata hadi nyumbani Jumapili, na yeye anawaambia, bila kuinuka kitini, liko rafu ipi na limeegemea nini. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi, nilikwenda kufuatilia barua yangu ya kupandishwa daraja iliyokuwa imepotea mwaka mzima. Aliipata kwa dakika nne. Sasa mwanamume wa namna hiyo utamwacha?

Lakini mtu huyu mwenye utaratibu kiasi hicho, siku ya kwanza kabisa nilipompeleka kwetu Mpwapwa, aliharibu.

Kwetu sisi Wagogo, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawapeani mkono. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anapisha pembeni hadi mwenzake apite. Si uadui, ndiyo heshima yenyewe. Nilimweleza Tumsifu yote haya ndani ya basi, tangu Mbande hadi Kongwa, naye akaitikia ndiyo, ndiyo. Kumbe basi lilikuwa linarusha vumbi na kelele, yeye anaitikia tu kwa adabu. Tukafika. Akamwona mama yangu amekaa mkekani anakula, akamwendea moja kwa moja, akaukamata mkono wake kwa mikono miwili, akautikisa, akasema shikamoo mama. Kisha, Mungu nisamehe kwa kucheka, akavua viatu, akaketi mkekani, akanawa, akamega ugali katika sahani ileile.

Mama alisimama akaingia ndani. Hakutoka mpaka tulipoondoka kesho yake. Tumsifu alitoa mbuzi wa faini, mbuzi akapokelewa, harusi ikafungwa, mtoto wetu Aneth akazaliwa. Lakini mama alisema nyumba ya mtu yule hatakanyaga, na miaka tisa hakukanyaga. Tumsifu kwa upande wake aliogopa moja kwa moja. Safari moja tulikuwa sokoni Mpwapwa, akamwona mama anakuja kwa mbali, akachumpa ndani ya banda la mashine ya kusaga unga. Alitoka mweupe hadi kope, watoto wakamfuata hadi stendi.

Sasa mwaka huohuo wa kompyuta, macho ya mama yakaanza kufunga. Mdogo wangu Gideoni, anayeishi naye, akanipigia simu kwamba mama amemwagia chai mezani akidhani kikombe kipo. Nikaenda nikamchukua, nikampeleka hospitali ya macho huku Dodoma, tukalala kwa shangazi yangu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, anatolewa kwa upasuaji, ila asicheleweshe. Na baada ya upasuaji lazima akae karibu na hospitali wiki sita, mtu amtilie dawa mara nne kwa siku, na kila wiki apimwe. Shangazi mwenyewe mgonjwa, ana chumba kimoja. Pa kukaa ni kwangu tu. Mama akasema hapana, akarudi zake Mpwapwa.

Nilimwomba, nikamtumia mchungaji, nikamtumia Gideoni. Hapana. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto huku machozi yanadondokea hesabu zao. Nilimpenda mama yangu na nilikuwa nimemkasirikia hadi nikawa naona aibu kusali.

Huku ndani ya nyumba nako mambo yalikuwa yameshakuwa mambo. Tumsifu alijifunza kuchoma. Diski za kwanza nane ziliharibika zote, maana anachoma halafu umeme unakatika, au anachoma kwa haraka mno kisha redio inazikataa. Alizitundika kwenye mzabibu wetu pale uani, zikawa zinametameta na kufukuza ndege, na mimi nikasema angalau kompyuta imefanya kazi moja. Ya tisa ilikubali. Baada ya hapo tulikosa pa kukaa. Alikuja mwenyekiti wa kwaya ya Kilutheri, akaja bwana harusi anayetaka nyimbo za send-off zipangwe kwa mpangilio, ya bibi harusi kuingia, ya keki, ya zawadi. Akaja jirani yetu Munira, Mrangi wa Kondoa, na kaseti zake za kaswida zilizopauka. Tumsifu aliwaandikia wote namba kwenye daftari kama majalada. Alikuwa na furaha, sijawahi kumwona hivyo, anapiga mluzi akioga.

Za kaseti ndizo zilizokuwa na kazi. Ulihitajika waya wa kuunganisha redio na kompyuta, na waya ule tuliutafuta maduka yote ya Uhindini bila kuupata. Tumsifu akatafuta njia yake. Aliazima redio kubwa ya Munira, akaiweka juu ya meza, akapanga vitabu vinne mbele yake, na juu ya vitabu akalaza maikrofoni ndogo iliyokuja na kompyuta. Redio inaimba, maikrofoni inasikiliza, kompyuta inahifadhi. Mlangoni akabandika karatasi kwa mwandiko wake wa ofisini: KIMYA. KAZI INAENDELEA. Mimi kwenye nyumba yangu mwenyewe nikawa natembea kwa vidole.

Siku moja Gideoni akaja kutoka Mpwapwa ameleta kaseti ya mama. Kila mtu kwetu anaijua kaseti ile. Mwaka 1986 akina mama wa kanisa lao walifanya sherehe ya shukrani, wakaimba nyimbo za Kigogo zile za sauti nne zinazopandana, mgeni mmoja akawarekodi, na anayeanzisha kila wimbo ni mama. Tangu macho yafifie ndiyo ilikuwa starehe yake pekee. Redio ilikuwa imeitafuna, Gideoni ameiunga kwa gundi ya karatasi, imekatika tena. Yeye alikuwa amenunua redio mpya yenye sehemu ya CD na akamwomba shemeji yake amsaidie. Tumsifu aliipokea kaseti ile kwa mikono miwili. Aliifungua kwa bisibisi ya saa, akaunga utepe upya, akauzungusha taratibu kwa kalamu. Ilimchukua jioni tatu.

Jumamosi mchana akarekodi. Mimi nilikuwa jikoni uani, simu ikalia, Gideoni. Nilikuwa nimemwambia amwulize mama kwa mara ya mwisho. Akaniambia mama amesema kama ni Mungu amependa awe kipofu basi atakuwa kipofu, ila kwa mtu yule hatalala.

Nikaingia chumba cha kompyuta nimeshika mwiko, nikaubamiza mlango. Karatasi ya mlangoni sikuiona. Redio inaimba, Tumsifu amekaa mbele yake kama yuko kanisani, na mimi nikaanza. Nilisema basi akapofuke hukohuko na kiburi chake. Nilisema miaka tisa, kisa mkono, mkono tu, kana kwamba huyu mtu aliiba ng'ombe. Nilisema mengine ambayo siyaandiki. Tangu kabla sijaingia, jogoo wa Munira alikuwa ameruka ukuta anawika juu ya mzabibu wangu uani, na Munira anamfokea kutoka kwake, anamwita mlaaniwa.

Tumsifu alininyooshea kiganja nitulie. Alipoona sitatulia, akanisogelea, akazungumza chini chini.

"Usimseme mama hivyo, Ruthu. Kosa ni langu, yeye alinifundisha adabu tu. Mwambie aje, mimi nitahama. Nimeshaongea na mzee Sostenes wa ofisini, ana chumba cha nje, nitakaa huko wiki zote sita, nyumba iwe yake. Kompyuta itatoka humu, nimepima, kitanda kinaingia karibu na dirisha. Nataka aone, basi. Hata asiponitazama mimi maisha yake yote, aone."

Nikaketi chini. Sikujua kama alikuwa ameshaongea na watu. Nililia pale sakafuni na mwiko wangu, yeye akarudi kwenye kiti, na mama zetu wa mwaka 1986 wakaendelea kuimba.

Nikamwuliza baadaye kama kelele zangu zimeingia. Akasema haiwezekani, maikrofoni ilikuwa imeelekea kwenye redio, ikatupa kisogo sisi. Alisema kwa uhakika kabisa. Alichoma diski siku ileile, akaikagua kama wanavyokagua jalada masijala: unafungua ukurasa wa kwanza, unafungua wa mwisho, ukiwa sawa unafunga. Wimbo wa kwanza ulikuwa safi. Wa mwisho ulikuwa safi. Akaandika juu yake kwa kalamu ya wino jina la mama, Miriam, na mwaka, akaitia kwenye bahasha ya kaki.

Tuliipeleka wenyewe sikukuu ya mavuno. Gideoni alikuwa ametangaza, kwa hiyo wale waimbaji waliobaki, sita, walishakuja na kanga zao mpya, wamekaa mkekani na mama katikati. Tumsifu alipokewa kwa adabu zote, akawekewa kigoda chake nyuma ya ukuta wa jikoni, amegeukia boma la ng'ombe, na chakula chake akaletewa huko. Mimi nikakaa mlangoni. Gideoni akabonyeza.

Jamani, wimbo wa kwanza. Sauti ya mama ikiwa bado mbichi, inapanda peke yake, halafu wenzake wanaidaka. Wale bibi sita walipiga vigelegele hadi kuku wakakimbia. Mmoja akasema, huyo ni marehemu Ndalu, msikieni Ndalu. Mama alikuwa anatikisa bega moja, vilevile alivyokuwa akifanya zamani. Wimbo wa pili, wa tatu. Nilitaka kutoka nikamkumbatie mume wangu nyuma ya jikoni mbele ya ng'ombe wote.

Wa nne ukaanza, na ndani yake akawika jogoo.

Bibi mmoja akasema 1986 hatukuwa na jogoo kanisani. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Munira akasikika kwa mbali akilaani, halafu mlango ukabamizwa, halafu mimi. Wazi kabisa, kuliko waimbaji. Akapofuke hukohuko na kiburi chake. Bibi wote sita walinigeukia, na Gideoni akarukia redio kuizima.

"Acha," mama akasema.

Gideoni akaacha. Yakatoka yote, na yale nisiyoyaandika. Sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile. Nyuma ya ukuta nilisikia kigoda kimeanguka. Halafu ikaja sauti ya Tumsifu, chini chini, ikibidi watu wainame kusikia, na wakainama. Usimseme mama hivyo, Ruthu. Ikaenda hadi mwisho, hadi pale anaposema aone. Baada ya hapo ni mimi nalia, na juu ya kilio changu ile sauti ya mama ya zamani inaanzisha ubeti mwingine, wenzake wanaidaka.

Mama akasema irudishwe. Gideoni akarudisha. Alisikiliza mara ya pili amefumba macho, kisha akanyoosha miguu na kuzungumza na Gideoni kwa sauti kubwa, sauti ya mtu anayetaka isikike mpaka nyuma ya jikoni, maana ndivyo wanavyoongea watu wasioruhusiwa kuongea.

"Gideoni, mwambie huyo aliye nje kwamba mimi siyo mtu wa kumfukuza mtu nyumbani kwake. Alale kwake. Kitanda kiwekwe hapo dirishani, na hilo dude lake libaki. Na mwambie siku ya kwanza alishika mkono wangu kwa nguvu mno."

Nyuma ya ukuta kikatoka kikohozi kimoja, cha heshima. Bibi wale walicheka hadi wakalaliana, na mama akanigeukia mimi na kuniambia kwamba kiburi hicho ninachokisema anashangaa ni nani mwingine amekirithi. Nilikwenda nikaweka kichwa changu mapajani mwake, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwalimu.

Alikuja Chadulu wiki mbili baadaye. Wakamtoa mtoto wa jicho la kulia, kisha la kushoto. Siku walipofungua bandeji ya kwanza, kitu alichokiona kwanza hapo nyumbani kupitia dirisha zilikuwa zile diski mbovu kwenye mzabibu, akaniuliza mbona nimeanika visahani juu ya mti. Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Na maisha ya wiki zile sita, mwenzangu, ningeandika kitabu. Nyumba ina korido moja. Tumsifu akitaka kwenda bafuni anakohoa mara mbili, mama akiwa koridoni anajibu kwa kukohoa mara moja maana yake subiri. Akisahau kukohoa, anageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni, mama anapita ameinamisha kanga. Dawa ya macho namtilia mimi, lakini anayejua saa ni Tumsifu. Alikuwa ametengeneza ratiba, ameibandika mlangoni, kwa mwandiko uleule. Mimi nikawa posta. Mwambie huyo chumvi imezidi, si yeye aliyepika lakini mwambie. Mwulize mama kama godoro linamfaa. Siku nzima nabeba ujumbe hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, na wote wawili wanasikiana vizuri kabisa kupitia ukuta.

Kitu kimoja kilikuwa kinamla Tumsifu: ile diski. Kazi mbovu iliyotoka mikononi mwake ikasikika mbele za watu, na mama alikuwa anaipiga kila siku asubuhi kwenye redio ya Gideoni aliyokuja nayo. Kila ikifika wimbo wa nne Tumsifu anatoka nje kwenda kumwagilia mzabibu. Mwishoni akaamua kurekodi upya. Alisubiri Jumapili sisi sote tuko kanisani, Munira akakubali kumfungia jogoo wake stoo kwa saa mbili, madirisha yakafungwa, na safari hii akaisikiliza diski nzima, ukurasa kwa ukurasa. Ilikuwa safi kama maji ya chupa. Akaitia kwenye bahasha ya kaki, akanipa niipeleke chumba cha pili.

Mama aliisikiliza yote, amekaa dirishani na macho yake mapya. Ilipoisha akaitoa mwenyewe, akaigeuza, akayasoma maandishi ya kalamu ya wino juu yake, herufi kwa herufi, jina lake na mwaka. Akairudisha ndani ya bahasha na kunikabidhi.

"Mrudishie," akasema. "Mwambie imetoka vizuri, ila mkwe wangu hayumo."

Miaka tisa alikuwa akimwita mtu yule, au huyo aliye nje. Nilisimama koridoni na bahasha mkononi nikashindwa kuzipiga zile hatua nne. Haikuwa na haja, maana Tumsifu alikuwa ameshasikia. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameegemea fremu, vifungo vya mikono vimefungwa, anafuta miwani ambayo haikuwa na kitu. Akachukua bahasha, akapita uani, akatundika diski ile nzima kwenye mzabibu pamoja na zile mbovu.

Kutoka chumba cha mama akawika jogoo wa wimbo wa nne, na safari hii Tumsifu hakushika ndoo ya maji. Alibaki pale chini ya zabibu anasikiliza hadi mwisho. Friji sijalipata mpaka leo.